Mkwaju Niliouhamisha

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa radi, naogopa bodaboda, naogopa simu inayoita alfajiri, na nikiona gari la polisi limesimama mtaani kwetu Dunda nakumbuka dhambi ambazo sikuzitenda. Mume wangu ananicheka kwa hayo tangu tulipooana. Mimi humjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, naye hucheka zaidi. Kwa hiyo ninaposema kwamba mwaka ule niliogopa, msidhani ni ule woga wangu wa kila siku. Niliogopa mpaka nikasahau kuogopa radi.

Habari yenyewe ilianza na miti. Kabla ya kustaafu mume wangu alikuwa akifundisha vijana kushona nyavu kule Mbegani, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa wa aina yake: mwanafunzi alifungwa kitambaa machoni, akapewa wavu uliochanika, akatakiwa atafute tundu kwa vidole na kuliziba. "Baharini usiku hakuna mtu wa kukushikia taa," alikuwa akiwaambia. Mikono ya namna hiyo haistaafu. Miezi ya kwanza ya kukaa nyumbani alifungua na kufunga kila kitu chenye skrubu, mpaka nikaanza kumficha redio.

Aliyetuokoa ni rafiki yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi wa hapa hapa Bagamoyo, ambaye duka aliachiwa na baba yake, na baba yake aliachiwa na babu. Siku moja mume wangu alikwenda kununua misumari akakuta juu ya kaunta, karibu na mzani, mti mdogo wa jamii ya mkuyu umekaa kwenye sahani ya udongo. Haukuzidi birika la chai kwa urefu, lakini shina lake lilikuwa nene, lenye mikunjo, na mizizi imelishika jiwe kama vidole vya mtu mzima. Akaambiwa hiyo ndiyo bonsai, na kwamba mti ule una umri mkubwa kuliko binti wa kwanza wa mwenye duka, ambaye alikwisha olewa. Mume wangu alirudi bila misumari.

Mimi kwanza nilipinga. Nilimwambia kuunyima mti chakula mpaka udumae ni dhambi. Akanijibu kwamba haunyimwi, unafunzwa. Ukishaupunguza mizizi na kuupanda kwenye chungu kifupi, unauzungushia waya kwenye matawi, unayapinda taratibu kuelekea unakotaka, na tawi likishakubali unaondoa waya. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema, na methali hiyo niliisikia tena kila alipopinda tawi, mpaka nikaichoka. Kisha nami nikanasa. Yeye akawa wa waya na mkasi, mimi wa maji, udongo na wadudu.

Nyuma ya nyumba alijenga mabenchi mawili ya mbao juu ya matofali, na kila mti ukapewa pahali pake. Mkwaju, kipenzi chake, ulikaa mwanzoni kabisa mwa benchi la kwanza. Baada yake mwarobaini, kisha bogenvilia, kisha mkuyu aliopewa na rafiki yake, na kuendelea. Ijumaa baada ya alasiri kila chungu kiligeuzwa kidogo ili upande mwingine nao upate jua. Kugeuzwa tu. Kuhamishwa ilikuwa marufuku, maana mume wangu aliamini mti ukishazoea mahali, ukiuhamisha unasusa. Nilimwambia anayesusa ni yeye.

Kila Jumapili jioni, duka likifungwa, rafiki yake alikuja na kifuko cha chevda, kile kitafunwa cha Kihindi cha pilipili, mimi nikapika chai ya tangawizi, wakakaa mbele ya mti mmoja wakibishana kuhusu tawi moja mpaka maghribi. Jirani yangu, shoga yangu wa miaka mingi, ambaye babu zake walitoka Omani na yeye hajawahi kuvuka hata Ruvu, alichungulia juu ya ukuta akitucheka. "Watu wanalea watoto wakue," alisema, "ninyi mnalea wasikue." Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na sikujua kwamba yalikuwa mazuri mpaka yalipotaka kuniponyoka.

Jirani wa nyuma alibomoa uzio wake wa mnyaa ili ajenge ukuta wa tofali. Asiyeujua mnyaa aambiwe: ni mti usio na majani ya maana, vijiti vitupu vya kijani, na ukikivunja kijiti kinatoka maziwa meupe. Watoto wote wa pwani wameonywa juu ya maziwa hayo kabla hawajaonywa juu ya moto. Yakiingia machoni, yanapofusha. Mtu mwenye akili zake huupanda mnyaa mpakani ili wezi na mbuzi wakae mbali, naye mwenyewe akae mbali vilevile. Mume wangu alikwenda kuomba kisiki chake.

"Tazama shina hili," aliniambia, amelikumbatia gunia alilokifungia. "Unajua limekula miaka mingapi?"

"Najua litakula nini likiingia humu ndani," nilimjibu.

Shoga yangu aliapa kwamba jini lile halitapita karibu na ukuta wake. Likapita. Mume wangu alilipanda kwenye karai kuukuu lililotobolewa, akaliacha pembeni lijishike. Jumapili iliyofuata rafiki yake alilizunguka mara mbili, mikono kiunoni. "Kaka," alisema, "hili tawi la juu ukilishusha, utapata mti uliopigwa na upepo wa kusi miaka mia." Mimi niliwaletea chai, nikarudi jikoni.

Niseme jambo moja kuhusu watu wa bonsai, maana bila hilo hamtaelewa. Wanapopinda tawi huweka uso karibu nalo. Tawi la mkwaju au la mkuyu huonya kabla ya kuvunjika, hulia kidogo ndani, na mpindaji huusogeza uso na sikio apate kusikia mlio huo aache. Mume wangu alikuwa amepinda matawi kwa namna hiyo kwa miaka. Siku alipolishika tawi la mnyaa, akiwa peke yake, alipandisha miwani yake kwenye paji la uso, kwa kuwa vitu vya karibu huviona vizuri zaidi bila miwani, akausogeza uso, akasikiliza. Mnyaa hauonyi. Ulikatika kama tango.

Nilimsikia akiita "Mama!" Si jina analoniita mimi. Alikuwa akimwita mama yake, aliyekufa zamani. Nilipotoka nilimkuta amepiga magoti kati ya mabenchi, mikono yote miwili machoni, na mikono hiyo hiyo ina maziwa ya mnyaa. Nikaipiga ile mikono. Nilimpiga kweli, kwa nguvu, kama unavyompiga mtoto anayegusa jiko. Bomba lilikuwa halitoi maji tangu juzi yake, lakini tulikuwa na pipa la maji ya mvua kwa ajili ya miti. Nilimlaza chali nikammwagia machoni, kopo juu ya kopo, nikisoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazichanganya.

Kelele zikamfikisha shoga yangu, naye alikuja na kikombe cha kahawa amekifunika kwa kiganja. Mkwewe alikuwa bado yumo ndani ya arobaini, amejifungua mtoto wa kiume. Hapa kwetu wazee wanaamini jicho lililoungua hutiwa maziwa ya mama.

"Mshike kichwa, shoga, nimtie," alisema.

"Kwanza hospitali," alisema mume wangu akiwa chini. "Shemeji, nakushukuru. Kwanza hospitali."

Kikombe kilibaki kwenye ngazi. Baadaye sana shoga yangu alinilaumu kwamba maziwa ya mjukuu wake tulimnywesha paka, na ni kweli, paka aliyanywa.

Hospitalini walimsafisha macho kwa muda mrefu, wakaangalia kwa taa. Daktari alisema kioo cha jicho kimeungua, macho yote mawili, na mara nyingi hupona watu wakizingatia dawa. Akatupa matone na dawa ya kupaka, akatutaka turudi baada ya siku chache. Kisha akanitazama mimi. "Maumivu yakirudi, au ukungu ukizidi, mama, msingoje siku ya miadi." Nililikariri neno hilo njiani, ndani ya bajaji, kama mtoto anayetumwa dukani.

Usiku sikulala. Nilikuwa nimejilaza kando yake, macho yake yamefunikwa kwa pamba, na nilitetemeka. Sikuogopa kumuongoza kwa mkono mpaka msikitini, wala kumsomea gazeti. Niliogopa kwamba atakaa. Kwamba yule mtu asiyeweza kuona skrubu akaiacha atakaa kwenye kiti cha barazani, mikono juu ya mapaja, asubuhi mpaka jioni, akisikiliza watu wanaopita, na mimi nitakuwa namletea chai. Nilimwona hivyo wazi kabisa. Usiku uliofuata nilimwona tena vilevile.

Pamba zilipotolewa alivaa miwani myeusi, maana mwanga ulimchoma. Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda kitupu. Nikakimbia nyuma. Alikuwa amesimama mbele ya benchi la kwanza, peke yake, amevaa kanzu yake ya nyumbani.

"Mkwaju umekauka udongo," alisema bila kugeuka, kidole kikiwa chunguni. "Unanichukia mimi, mti umekukosea nini?" Akapiga hatua. "Mwarobaini unachipua. Hii bogenvilia ikatwe." Akapiga hatua nyingine. "Mkuyu wa kaka uko sawa."

"Unaona?" nilimuuliza.

"Naona."

Nililia palepale, nikamkumbatia mpaka miwani ikapinda. Siku hiyo nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikampelekea shoga yangu sahani, nikampigia simu rafiki yetu, aliyekuwa amesafiri, nikamwambia Mungu ni mkubwa. Siku ya miadi ilipofika mume wangu alisema hakuna haja ya kwenda kupanga foleni na watu wenye shida za kweli. Na mimi, ambaye harufu tu ya hospitali hunikata tumbo, nilikubali.

Nilikuwa na macho mawili mazima na sikuona. Alipojimiminia chai aliweka ncha ya kidole ukingoni mwa kikombe. Nikasema ni uangalifu. Simu yake alinipa nimsomee ujumbe. Nikasema ni mwanga wa kioo unaomchoma. Shoga yangu aliposimama mlangoni kimya, mume wangu hakumsalimu mpaka alipokohoa, nikasema mzee ana mawazo. Kila kitu nilikitafutia udhuru wake, na kila udhuru ulinitosha. Mwoga haulizi swali ambalo jibu lake analiogopa.

Jua la mwezi ule lilikuwa kali, na Ijumaa nilipokwenda kugeuza vyungu nikaona majani ya mkwaju yameanza kuungua ncha. Mume wangu alikuwa amelala. Nikaubeba mkwaju nikaupeleka mwisho wa benchi la pili, chini ya ukingo wa bati, na pahali pake mwanzoni nikaiweka bogenvilia, ambayo jua kwake ni sukari. Nilikusudia kumwambia akiamka ili tugombane. Alipoamka, wageni walikuwa wamefika kwa shoga yangu, nikaitwa kusaidia, nikasahau.

Jumapili rafiki yetu alikuja na chevda yake. Hakuwa amemwona mume wangu tangu ajali, maana alisafiri kwenda Chalinze kuhusu mzigo. Mume wangu alifurahi kama mtoto. Alimshika mkono, akampeleka nyuma, mimi nikafuata na sinia la chai. Akasimama mwanzoni mwa benchi la kwanza, mikono nyuma, kifua mbele, kama mwalimu siku ya wazazi.

"Hebu tazama mkwaju wangu, kaka," alisema. "Na tawi lile la kushoto uliloniambia nilikate. Sasa unasemaje?"

Mbele yake palikuwa na bogenvilia. Ilikuwa imejaa maua mekundu kiasi kwamba majani hayaonekani.

Rafiki yetu aliitazama bogenvilia, akamtazama mume wangu, akanigeukia mimi. Chevda ilikuwa mkononi mwake nusu ya njia kwenda mdomoni. "Ndiyo, kaka," alisema polepole. "Umependeza."

Sinia lilinilemea. Nililiweka chini, kwenye mchanga, kwa sababu nilijua nitaliangusha.

"Baba," nilimwita, "maua yake ni ya rangi gani?"

Akacheka. "Maua? Mkwaju wa kwenye chungu ulitoa maua lini?"

Hakuna aliyecheka naye. Kimya kile alikisikia. Nilimwona akikisikia. Tabasamu likakaa usoni muda kidogo, halafu likaondoka. Akautoa mkono mmoja nyuma ya mgongo, akaunyoosha taratibu. Vidole vikagusa maua yale laini kama karatasi, vikashuka, vikakutana na mwiba, vikabaki hapo.

"Umeuhamisha," alisema.

Nilimuuliza tangu lini haoni. Akasema mwanga anauona, na watu anawaona wamesimama, lakini nyuso hazioni. Palikuwa na nafuu kidogo mwanzoni, ukungu ukarudi. Nikamuuliza kuhusu maumivu. Akaisukuma miwani juu ya pua. Nikamuuliza tena.

"Yapo," alisema.

Nilimfokea mbele ya mgeni. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika, mimi niliyelelewa vizuri. Nilimuuliza kwa nini, nikamuuliza tena kwa nini, mpaka sauti ikaniishia, na shoga yangu akatokeza kichwa juu ya ukuta.

"Ulikuwa unatetemeka, mke wangu," alisema mume wangu. "Kitanda kizima kilikuwa kinatetemeka. Nikasema macho yangu yakiharibika yameharibika, walau mmoja wetu alale."

"Mficha maradhi, shemeji," alianza shoga yangu kutoka ukutani, na methali hakuimalizia, maana mwisho wake ni kifo. Akashuka, nikasikia analia upande wa pili.

Rafiki yetu alikuwa amekwisha kwenda kuwasha gari. Lilikuwa kirikuu la duka, nyuma lina mabomba ya plastiki yanayogongana, na mbele tulibanana watatu, mume wangu katikati. Hakwenda kwenye hospitali ya hapa. "Dar," alisema tu, akakanyaga mafuta, na mimi ninayepiga kelele dereva akipita lori sikufungua mdomo.

"Tumefika wapi?" aliuliza mume wangu.

"Mapinga."

"Kuna nini?"

"Watu wanauza miche kando ya barabara."

"Miche ya nini?"

Nikamtajia: minazi mifupi, miembe ya kupandikiza, maua. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kweli?" aliuliza. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniuliza hivyo nilipomweleza kitu.

Karibu na Bunju aliivua miwani myeusi. Hakuwa ameivua mbele yangu mchana kwa siku kadhaa, na usiku alizima taa kwanza. "Niambie," alisema, "yakoje?"

Niliyatazama. La kulia lilikuwa jekundu sana. La kushoto, juu ya sehemu nyeusi, lilikuwa na doa jeupe, kubwa kama punje ya mchele.

"Mekundu kidogo tu," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa akiirudisha miwani usoni niliposikia mimi mwenyewe nilichokisema. Tulikuwa ndani ya gari lile kwa sababu ya uongo wa aina hiyo hiyo, uliosemwa kwa wema uleule.

"Hapana," nilisema. "La kulia ni jekundu. La kushoto lina doa jeupe, na mimi naogopa sana."

Rafiki yetu hakuondoa macho barabarani. Mume wangu alitafuta mkono wangu, akaushika, na mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Nilidhani miaka yote kwamba katika nyumba yetu mwoga alikuwa mmoja.

Daktari wa macho alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Alimwamkia mume wangu shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamwinamishia kidevu kwenye mashine akamtazama muda mrefu, jicho moja, jingine, tena la kwanza.

"Mzee, kwa nini hukurudi kwenye miadi?"

"Nilikuwa nasema naona."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Huyu," alisema, akanionyesha kwa kidole upande ambao sikuwapo.

Daktari aliandika kidogo, kisha akatueleza bila kuzunguka. Kidonda cha jicho la kushoto kimekwenda ndani na kimeingia vijidudu. La kulia nalo limeanza, lakini bado linaweza kupiganiwa. "Siwaahidi," alisema. Nilipenda kwamba hakutuahidi, na wakati huohuo nilitaka kumshika mabega nimtikise aahidi.

Alilazwa. Matone yalitiwa kila saa, usiku na mchana, na mimi nilikaa kwenye benchi la korido pamoja na wake na mama wa wengine. Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Nyumbani shoga yangu, aliyeapa hatagusa miti ya watu, alichukua kopo langu. Alinipigia simu kila jioni kutoa taarifa. "Watoto wako wasiokua nimewanywesha wote," alisema. "Na lile jini la kwenye karai nimelisalimia kwa mbali, halikuitikia." Nilicheka, nikaona aibu kucheka pale korido, nikalia.

Jicho la kulia lilirudi. Halikurudi siku moja. Lilirudi kama maji ya bomba letu, kidogo, likakatika, likaja tena. Kwanza aliona vidole vyangu, kisha kitambaa changu kina mistari, na asubuhi moja akaniambia nimekonda. La kushoto halikurudi. Linatofautisha mchana na usiku, basi. Tulipotoka daktari alituonya kwamba kidonda cha namna ile huweza kuamka. Kila siku afunike la kushoto, atazame kwa la kulia kitu anachokijua, aseme kama kiko kama jana. Ukungu hata kidogo, tumpigie na tusikae.

Kwa hiyo sasa jioni tuna kazi mpya. Vyungu navihamisha nipendavyo, na hakuna mti uliosusa. Mume wangu husimama katikati ya mabenchi, kitambaa juu ya jicho la kushoto, na mikono nyuma ya mgongo. Hiyo ya mikono ni sheria yangu. Vidole vyake nimewahi kuviamini kupita kiasi. Nainua chungu kimoja mbele yake, namuuliza ni nini, naye anajibu. Mnyaa hatuufanyii hivyo. Nilitaka utupwe, lakini kuukata ni kuutoa maziwa mengine, na ukiutupa mzima unaota ulipoangukia, na yeye anasema mti haukumfuata, yeye ndiye aliyeufuata. Uko kwenye kona ya ukuta na kitambaa chekundu nilichoufungia, unanenepa bila kupewa chochote.

Mwezi uliopita niliinua bogenvilia. Aliisogezea uso. Angeweza kukisia, maana maua yale mekundu hata kipofu wa nusu atayajua.

"Bogenvilia," alisema. Kisha akasema, "Lakini ukingoni ina ukungu. Jana haukuwapo."

Nilikiweka chungu chini. "Unaogopa?" nilimuuliza.

"Naogopa," alisema. "Sana."

"Na mimi."

Tulimpigia daktari, akasema tufike alfajiri. Rafiki yetu akasema kirikuu litakuwa mlangoni kabla ya adhana. Siku ya pili daktari alisema safari hii tumewahi, akabadilisha matone, na baada ya siku kadhaa ukungu ukaondoka. Mpaka leo ninapoandika haujarudi. Lakini jioni ile hatukujua hilo. Nilikunja nguo zake kwenye mfuko, tukapanda kitandani, kitanda kikatetemeka. Taa tuliizima, na hakuna aliyelala, wala aliyejifanya amelala.